Kanduyi: Darasa hufika kabla ya chumba

Msafiri anayetoka Nairobi kwa basi la usiku huamshwa Kanduyi na sauti ya utingo kabla jua halijachomoza vizuri. Hapa ndipo barabara kuu ya kwenda Malaba inapokutana na ile ya Chwele na ile inayoteremka hadi Bungoma mjini. Akina mama wenye ndizi hukimbilia madirisha ya mabasi, vijana wa bodaboda hugombania mizigo, na siku isiyo na mawingu Mlima Elgon huonekana kwa mbali upande wa kaskazini.

Hapa pia pana uwanja wa michezo uliopewa jina la Masinde Muliro, mwalimu na mwanasiasa aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town na kufariki mwaka 1992. Ni jina linalofaa, kwani elimu inaheshimiwa sana katika sehemu hizi. Mzazi yuko radhi kuuza ng'ombe mtoto asome.

Nilifuata kundi la wanafunzi hadi shule moja ya msingi ya umma. Sitaitaja, maana yanayoikabili yanazikabili nyingine nyingi. Nyuma ya ofisi pana chumba cha mabati ambacho mlango wake umeandikwa kwa chaki: MAABARA. Ndani mna meza moja, ndoo ya maji na chupa chache.

Chumba hicho kina historia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule za msingi ziliongezewa darasa la nane na masomo ya ufundi. Wazazi wakachanga, wakakijenga kiwe karakana ya useremala. Vifaa vilipokwisha kikageuka ghala la majembe. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure, wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na mgao wa kila mtoto ukawa Sh1,020 kwa mwaka. Watoto walifurika madarasani, vyumba vikabaki vile vile.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya sekondari msingi kuanza katika viwanja hivyo hivyo. Gredi ya saba iliingia Januari hiyo, na ile ya tisa ikafika 2025. Basi ghala likawa maabara.

Serikali haikukaa bure. Iliweka mgao wa Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Hebu tupige hesabu. Shule yenye wanafunzi 100 hupaswa kupata Sh1,504,200. Nusu yake huwa ya muhula wa kwanza, asilimia 30 ya muhula wa pili na 20 ya mwisho. Pesa zikichelewa, chaki na umeme havingoji, na mwalimu mkuu huenda dukani kukopa.

Upande wa walimu, wengi walianza kama vibarua kwa Sh20,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 waligoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Mwaka huo huo wengine 20,000 wakaajiriwa kwa utaratibu ule ule wa vibarua. Hata hivyo pengo halikuzibika, na mahali pengi mzazi huombwa amlipe mwalimu wa ziada.

Mzazi huyo atatoa wapi? Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilicho karibu na hapa, kililimbikiza madeni ya wakulima wa miwa kwa miaka mingi kabla ya kukodishwa kwa mwekezaji mwaka 2025. Kwa hiyo karo ya "elimu ya bure" hutoka kwenye sinia la ndizi.

Lililo dhahiri Kanduyi ni kwamba kila mfumo mpya huleta darasa kwanza, na chumba, mwalimu na pesa vikafuata nyuma kwa miguu. Wanaopanga mfumo ujao wangeanza na chumba.

Nawe msomaji, basi lako likisimama Kanduyi alfajiri, usimkazanie mama yule apunguze bei. Huenda shilingi hizo ndizo mshahara wa mwalimu.