Bibi Aliyeuliza Damu Yake Inakwenda Wapi

"Wanangu, damu yangu mnaipeleka wapi?"

Swali hilo tuliulizwa na bibi mmoja tuliyekuwa tukimtembelea, sisi wauguzi wawili wa kikundi cha akina mama kanisani. Alikuwa akitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi na dawa, na kila wiki alitolewa damu kidogo ya kupima. Kwa haraka zetu tukamjibu, "Bibi, ndio utaratibu wa hospitali." Majirani walikuwa na jibu jingine: damu inauzwa. Bibi akawaamini majirani. Wiki iliyofuata hakwenda. Siku chache baadaye tukamkuta kitandani, mwili unachemka kwa homa. Tukamkimbiza hospitali, na vipimo vikaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimepungua mno.

Alilazwa, akapewa dawa, akapona homa ile. Lakini sisi hatukupata usingizi. Tungalimpa jibu la kweli, je, angekosa kwenda?

Mpenzi msomaji, jibu la kweli lilipatikana kwa panya. Mnamo 1949, huko Chicago, Marekani, daktari Leon Jacobson na wenzake waliwapiga panya mionzi mikali mwili mzima. Panya hao walikufa karibu wote. Mionzi ilikuwa imeua chembe mama, yaani zile zinazozaa damu, ambazo hukaa ndani ya uboho wa mifupa. Chembe changa zinazotokana nazo hugawanyika upesi sana, na kwa kawaida kinachogawanyika upesi huumizwa upesi na mionzi. Bila hizo, mwili hukosa chembe nyeupe za kupigana na vijidudu na vigandisha damu vya kuzuia kutoka damu.

Panya wengine walifunikwa kiungo kimoja tu, bandama, kwa madini ya risasi yanayozuia mionzi. Katika panya, bandama nayo hutengeneza damu. Wengi wa hao waliishi! Kisehemu kidogo kilichositiriwa kiliuokoa mwili wote.

Mnamo 1961, mjini Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch waliwadunga panya waliopigwa mionzi uboho wa panya wazima. Baada ya siku kama kumi, vinundu vidogo vilionekana kwenye bandama zao. Baadaye ilithibitishwa kwamba kila kinundu kilitokana na chembe mama moja tu. Elimu hiyo, pamoja na majaribio ya mbwa, ndiyo iliyofungua njia ya kupandikiza uboho kwa binadamu.

Basi turudi kwa bibi yetu. Yeye hakupigwa mionzi mwili mzima kama wale panya. Ilielekezwa nyongani, penye ugonjwa. Lakini mifupa ya nyonga ni jiko kubwa la damu kwa mtu mzima, na dawa aliyopewa pia huweza kulipunguza nguvu. Majiko mengine, kama kifuani na mgongoni, huendelea kupika, mfano wa bandama ile iliyofunikwa. Damu inayotolewa kila wiki hutuonyesha kama majiko hayo yanatosheleza. Chembe nyeupe nyingi huishi siku chache tu, kwa hiyo upungufu wake huonekana mapema, wakati chembe nyekundu huishi kama siku 120.

Tulimweleza bibi haya yote jikoni kwake, tukitumia mfupa wa supu. Akaugeuza mkononi, akasema, "Kumbe mnachungulia chungu changu! Mbona hamkusema?"

Hatukuwa na la kujibu. Bibi alimaliza matibabu yake bila kukosa kipimo kingine.

Akina mama wenzetu, mkiwa na mgonjwa wa mionzi nyumbani, msimwache akose vipimo. Akipata homa, hata usiku, mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Na mkitaka kujua damu inakwenda wapi, ulizeni. Sisi wauguzi tuna deni la kuwajibu.