Bomba gani ni bomba? Dar hadi Mikumi juu ya kruza

Ukimwambia mtoto wa mjini kwamba unasafiri na kruza, atakuuliza ni hadtopu au ni V8. Tuelewane mapema basi, msomaji wangu: kruza ninayoizungumzia leo ina magurudumu mawili. Ni ile pikipiki unayoikalia chini kama uko barazani, usukani umekuja kukupokea, miguu umeitanguliza mbele, mgongo wima. Siyo ya kufukuzana na mtu. Ni ya kwenda mbali taratibu huku unatazama nchi.

Mshikaji wangu mmoja wa Sinza amejipatia moja mpya kabisa, Royal Enfield Meteor 350. Kwa wasioijua, jina hilo lilizaliwa Uingereza na pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1901, ila siku hizi mzigo unatoka India, na hii Meteor ilizinduliwa huko Novemba 2020. Injini ina pistoni moja, cc 349, nguvu za farasi 20 tu. Usicheke! Ina kilo 191, tangi la lita 15, na inavuta toka chini bila kulalamika.

Sasa kasheshe likawa mlio. Bomba la kiwandani linalia kistaarabu, dugu-dugu-dugu, basi. Masela wa kijiweni wakamwambia, "Kaka, mkoko wote huo unalia kama feni?" Jamaa hakulala. Kila Jumamosi ukimtafuta yuko Gerezani kwenye maduka ya spea, anapigiwa resi mabomba ya kila aina, na kila moja anasema ndilo hilo hilo. Kumbuka anakaa nyumba ya kupanga, anatoka kazini saa sita usiku, na chumba cha pili kuna mama ana kichanga cha miezi miwili. Mama mwenye nyumba alishatoa kauli yake: siku mtoto akiamka kwa pikipiki, mwenye pikipiki naye aamke na virago.

Mimi nikampa wazo. Mlio wa dukani dakika tano si mlio wa safari. Twende mbali na bomba hili la kiwandani, ulisikilize, ndipo utajua kama unataka kingine na unataka nini. Akakubali kwa sharti moja: twende mpaka Mikumi, na nyama choma juu yangu. Sharti gani hilo, lakini nikakubali.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pikipiki ilishafanyiwa sevisi ya kilometa 500, kwa hiyo roho zilikuwa nyeupe. Kimara, Mbezi pale Stendi ya Magufuli, Kibaha, kote huko ni foleni na moshi wa mabasi. Raha inaanza ukishapita Mlandizi na kuvuka Mto Ruvu, pale ambapo hewa inabadilika na unaanza kunusa majani mabichi. Chalinze, kilometa 100 na ushee toka mjini, tukapata chai na chapati, tukabadilishana usukani.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo nilipojifunza mengi. Ukiendesha, ukifika spidi 80 hivi, bomba hulisikii tena, unasikia upepo ndani ya helmeti. Anayelisikia ni abiria wa nyuma, maana sailensa iko chini ya mguu wake wa kulia. Na ukiingia kijijini kwenye kibao cha 50, na barabara hii ina vibao vya 50 na trafiki wenye tochi kama mvua, hapo sasa mlio unarudi na kijiji kizima kinakugeukia. Kwa maneno mengine bwana, bomba la kelele unalilipia wewe, wanaolisikia ni demu wako aliyekaa nyuma na muuza machungwa wa Mikese.

Halafu kuna suala la masikio, ambalo vijana tunalipuuza ile mbaya. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inasema sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ikipanda desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja, desibeli 100 ni robo saa. Toka Dar kwenda Mikumi ni kilometa zipatazo 280, saa tano kwenye kiti ukiheshimu vibao. Piga hesabu mwenyewe. Upepo peke yake unatosha kukuumiza, ndiyo maana wasafiri wazoefu wanaziba masikio kwa vile vipira vya sponji. Ukiongeza bomba linalovuma sauti moja nzito muda wote, unafika na kichwa kama ngoma iliyokesha.

Morogoro tulifika jua limeshawaka, Uluguru imejifunika wingu kichwani kama bibi harusi. Msamvu tukamkuta fundi mmoja mtu mzima, mikono yote oili, akaizunguka pikipiki mara mbili kabla ya kusalimia. Shikamoo zikapita, mshikaji akamweleza shida yake. Mzee akacheka.

"Wanangu, mnataka mlio au mnataka nguvu?"

Akatufafanulia. Kubadilisha sailensa tu, kile kipande cha mwisho, nguvu haiongezeki cha maana. Unapata mlio mzito na unapunguza kilo kadhaa. Ukibadilisha mfumo mzima toka kichwa cha injini, hapo umegusa mambo makubwa. Pikipiki za injekta zina sensa ya oksijeni kwenye bomba, inayoiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Moshi ukipita kwa wepesi kuliko ilivyopangwa, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, na ukiachia mafuta kwenye mteremko inapasua pa-pa-pa. Masela wanadhani ni sifa. Mara nyingi ni mchanganyiko mbovu, au gasketi inavuja. Dawa ni kupanga upya kompyuta, na siyo kila fundi ana kifaa hicho. Na dhamana ya muuzaji nayo inaweza kuota mbawa, kwa hiyo soma karatasi yake kwanza.

Tena akatuonya na wale wanaotoboa sailensa ya kiwandani. Hiyo, alisema, ni kuchinja ng'ombe ili upate kwato.

Kuhusu chuma alikuwa mkali zaidi. Sisi wa Pwani tunakaa na chumvi hewani, bomba la chuma cha kawaida lililopakwa kromi linakula kutu kabla hujamaliza kulipa deni. Tafuta chuma cha pua. Taitaniamu ni nyepesi na nzuri, waachie wenye pesa zao. Angalia pia kimo. Kruza iko chini, na nchi hii kwa matuta haijambo. Bomba linaloning'inia litapigwa tuta la kwanza tu Mikese. Angalia na begi la pembeni lisiguse bomba, vinginevyo utafika na suruali zilizoiva.

Tukamshukuru, tukaendelea. Mzumbe, Melela, Doma, halafu hifadhi. Kama hujawahi kupita Mikumi, jua kwamba barabara kuu ya Zambia inakata katikati ya hifadhi kwa kilometa 50, na hifadhi yenyewe ina kilometa za mraba 3,230, ipo toka 1964. Mwisho ni spidi 70 mchana, na kuna ubao wa faini za kugonga wanyama, mnyama mmoja mmoja na bei yake. Kwenye basi unachungulia dirishani unakula karanga. Juu ya pikipiki hakuna dirisha. Swala wako pale, nyani wako pale, harufu yao unaipata, na ghafla unajiona u mtu mdogo sana.

Katikati ya mbuga lori la Tunduma lilikuwa limesimama. Mbele yake tembo, wakubwa wanne na mtoto mmoja, wanavuka kwa nafasi zao. Tulisimama nyuma kabisa, injini inanguruma pole pole, na tembo hata hawakutugeukia. Mara ikaja pikipiki nyingine nyuma yetu, ndogo, sailensa imetobolewa, inapasua kama fataki. Tembo wa mwisho akageuka. Masikio yakafunguka kama milango miwili. Utingo wa lori alitoa mkono nje anatuashiria kwa nguvu, zima, zima! Yule jamaa akazima. Sisi tukazima. Nilisikia moyo wangu kuliko injini yoyote niliyowahi kuisikia. Mshikaji alinishika bega na hakuliachia. Tembo alisimama, sijui dakika, sijui mwaka, halafu akawafuata wenzake porini.

Nyama tulikula Mikumi mjini, na yeye ndiye aliyelipa, hakuna aliyemkumbusha sharti.

Jumamosi iliyofuata alirudi Gerezani, safari hii hakupigiwa resi. Aliuliza maswali. Akachukua sailensa peke yake, ya chuma cha pua, yenye kile kizibo cha ndani cha kupunguza sauti, na akamkatalia muuzaji aliyetaka kukichomoa "ili ilie kiume". Bei ilikuwa ya kununulia friji, lakini bomba lenyewe limekaa juu ya matuta, begi haligusi, na la kiwandani amelifunga kwenye gunia chini ya kitanda, maana siku ya kuuza pikipiki mteja atalitaka.

Nimeisikiliza. Dugu-dugu ile ile, ila imeshiba kidogo. Usiku anaizima kwenye kona na kuisukuma mpaka getini. Kijiweni wamesema bado inalia kama feni, ila sasa ni feni ya dari.