Kalori Nilizozificha

Leo naomba niweke siasa kando nizungumzie kitambi changu.

Mwezi wa tatu nilipimwa presha, ikasoma 150 kwa 95. Nina miaka 27, kilo 94. Marehemu baba alianza hivi hivi, na kiharusi kikamchukua akiwa na miaka 49. Siku ile ile nikanunua daftari.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ukitumia kalori 500 zaidi ya unazokula kila siku, kwa wiki zinakuwa 3,500, yaani karibu nusu kilo. Basi nikawa naandika kila ninachokula, na jioni natembea kutoka Posta hadi Magomeni. Kwa mwendo huo nilijiandikia kalori 600.

Wiki sita zikapita. Daftari likasema nimepungua kilo tatu. Mzani ukasema 94. Nikaulaumu mzani.

Aliyeniumbua ni mama. Jumapili moja alilisoma daftari, akaniuliza: "Mwanangu, hizi mboga unazikaanga kwa maji?"

Mafuta sikuwa nimeyaandika. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na mimi humimina tu. Sikuandika soda ya mchana, wala vitumbua vya kwenye mikutano na waandishi, kana kwamba cha bure hakinenepeshi. Na ile saa nzima ya kutembea, kwa uzito wangu, ni kalori kama 300 tu.

Kumbe siko peke yangu. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya watu wanene waliolalamika kuwa hawapungui hata wakijinyima. Walipopimwa, ilionekana wanataja karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi wanayaongeza kwa nusu. Hawakuwa waongo. Walijiamini tu.

Kazini, nikileta takwimu za chanzo kimoja chenye maslahi yake, mhariri hunirudishia habari yangu. Kwenye daftari langu, chanzo kilikuwa mimi.

Sasa mafuta napima kwa kijiko, na naandika kabla sijala. Baada ya miezi miwili nina kilo 91. Presha bado haijakaa sawa na dawa nakunywa. Daftari analikagua mama kila Jumapili.

Haya mdau, na wewe leo umekula nini? Taja vyote.