Nilivyoikuta Kinshasa katikati ya New York

UKIENDA New York mwezi Januari usisahau koti zito. Baridi ya kule si ya Lushoto bwana, inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa huko mwaka 2014, nimefikia kwa mjomba wangu, mzee aliyecharaza gitaa la besi kwenye bendi moja ya Dar miaka ya 70.

Siku hiyo mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, vaa twende Mtaa wa 19, upande wa Magharibi. Kuna picha ya muziki, kiingilio bure." Kusikia bure, nikawa wa kwanza mlangoni.

Ukumbi unaitwa David Zwirner, uko Chelsea, sehemu iliyojaa kumbi za sanaa. Ndani giza, ukutani skrini kubwa. Msomaji, usitegemee hadithi. Hakuna bibi harusi aliyekimbiwa wala polisi anayemfukuza mwizi. Kuna bendi ya watu kumi studio, wanapiga. Wanapiga, wanapiga, wanapiga. Mkanda una urefu wa saa sita! Ukiisha, unaanza upya.

Kazi hiyo inaitwa "Luanda-Kinshasa". Mwenyewe ni Stan Douglas, msanii mweusi wa Vancouver, Kanada, aliyezaliwa 1960. Aliitengeneza mwaka 2013, lakini kwenye skrini ni miaka ya 70 mitupu: bugaluu, afro na moshi wa sigara.

Kanisa la muziki

Studio unayoiona ni ya kuigiza. Imejengwa kwa mfano wa ile ya kampuni ya Columbia, iliyokuwa namba 207 Mtaa wa 30 Mashariki, jijini humo humo. Jengo lile lilikuwa kanisa la Waarmenia kabla ya kugeuzwa studio mwaka 1949, na wanamuziki wakaendelea kuliita Kanisa. Ndimo Miles Davis alimorekodia "Kind of Blue" mwaka 1959. Mwaka 1981 studio ikafungwa, baadaye jengo likavunjwa.

Sasa utauliza, Kinshasa imeingiaje? Septemba 1974, James Brown, B.B. King na Miriam Makeba walipanda jukwaa moja na akina Franco na Tabu Ley mjini Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi Oktoba 30. Mwaka uliofuata, Novemba, Angola nayo ikapata uhuru wake. Douglas anajiuliza: je, kama upepo ule wa Afrika ungeingia moja kwa moja ndani ya lile Kanisa, ungetoka muziki gani?

Basi akamkabidhi bendi mpiga kinanda Jason Moran. Akamweka Abdou Mboup wa Senegal kwenye ngoma, Nitin Mitta kwenye tabla za Kihindi, na binti mmoja hatari, Kimberly Thompson, kwenye dramu. Walipomaliza, Douglas akakata vipande na kuviunganisha upya, hiki kwa kile, mpaka muziki ukawa hauna mwisho. Ukidhani umekaa dakika kumi, saa ya mkononi inakwambia ni saa nzima.

"Huyu binti," mjomba akaninong'oneza, "enzi zetu nani angempa vijiti vya dramu?" Halafu akanyamaza muda mrefu.

Tulipotoka tukapanda basi kwenda Mtaa wa 30. Pale lilipokuwa Kanisa pana jengo la makazi, watu wanaingia na mifuko ya sokoni. Hapo ndipo mzee akafunguka. Bendi yao iliwahi kurekodi nyimbo tano redioni. Kanda zilikuwa haba, ya kwao ikafutwa, ikarekodiwa mambo mengine. Hajazisikia tena mpaka leo.

"Wale kwenye picha hawakuwepo, wana saa sita," akasema. "Sisi tulikuwepo, hatuna hata dakika."

Jamani, ningemjibu nini? Nikatoa simu, nikamwambia, "Mjomba, hebu niimbie ile besi." Akaona haya kidogo, akaangalia wapita njia, halafu akaanza kuguna "dum-du-dum" huku vidole vinacheza kwenye vifungo vya koti. Aliposahau alirudi nyuma akaikamata tena. Nyimbo mbili akazikumbuka zote, tatu zimeshapotea.

Msomaji wangu, mzee wako alipiga, aliimba, au alicheza tumba mahali? Simu unayo mkononi. Muulize Jumapili hii, wakati bado anakumbuka mbili.