Tunalipia Spea, Akili Tunataka ya Bure

Wasee, leo sina video ya kuchekesha. Nina waipa. Tena ya nyuma.

Najua mshaanza kucheka. Kalobeyei, Turkana, mahali mvua inaweza kupotea hadi mtoto akaliogopa wingu, na mimi nakuja na stori za waipa. Lakini waipa ya nyuma huku kwetu si ya mvua. Ni ya vumbi.

Angalia Probox ama Fielder, ama gari lolote ambalo mgongo wake umekatwa wima. Likikimbia, hewa inapita juu ya paa halafu inaachana na gari ghafla pale nyuma. Panabaki kama pengo, na lile vumbi linalorushwa na tairi linavutwa kulijaza. Linaishia kwa kioo. Saluni kioo chake kimelala, hewa inateremka nacho vizuri zaidi, ndiyo maana saluni nyingi hazina waipa ya nyuma kabisa. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni lami, kama kilomita 120, na njiani huoni shida kubwa. Shida inaanza ukiacha lami kuingia vijiji vya Kalobeyei. Dakika kumi tu, kioo kimekuwa ukuta wa matope makavu.

Mjomba wangu ana Probox ya zamani, iliyopita mikono mingi kabla ya kumfikia. Anabeba watu, unga, makaa, magodoro, wakati mwingine mbuzi. Buti ya hiyo gari inafunguliwa na kufungwa labda mara thelathini kwa siku. Kumbukeni hiyo namba, tutairudia.

Waipa yake ya nyuma haikufa siku moja. Ilianza kwa kugoma leo, kesho inafanya kazi. Halafu ikanyamaza kabisa. Mjomba akaizoea, akawa anarudisha gari nyuma kwa masikio: anateremsha kioo cha mlango, anapiga honi, anaomba Mungu.

Jioni moja pale Village 2 alirudi nyuma akasikia pwaa! Dumu la maji la lita 10 limepasuka chini ya tairi. Mwenye dumu alikuwa msichana wa miaka kama saba. Alikuwa ameliweka chini apumzishe mkono, akasogea hatua mbili kuokota slipa yake. Hatua mbili tu. Mjomba alinunua dumu jipya, akanunua na maji ya kulijaza, akampeleka mtoto hadi kwa mamake. Usiku huo hakula.

Asubuhi akaenda kwa fundi. Huyo fundi hakufungua kitu. Alisimama nyuma ya gari, akaitazama waipa kama daktari anayetazama maiti, akasema: mota imekufa. Shilingi 6,500, iagizwe Eldoret, gharama ya kuisafirisha ni juu yako. Na mjomba, kwa vile alivyokuwa ameshtuka, tayari alikuwa ameshika simu atume pesa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo nyumbani maoni yangu yana bei ya sifuri. Lakini nikamwambia, "Mjomba, tuulize na mtu mwingine kwanza." Akanitazama sana. Halafu akawasha gari.

Mtu mwingine alikuwa fundi Mkongomani kule kwenye makazi. Kalobeyei ilifunguliwa 2016, na wazo lilikuwa wakimbizi na sisi wenyeji tutumie soko moja, shule moja, hospitali moja. Karatasi ni karatasi, lakini chini ya mti wa huyo fundi hilo wazo linafanya kazi kila siku: gari la Mturkana, mkono wa Mkongo, tepu kutoka duka la Msomali. Akasikiliza kidogo, akasema kwa Kiswahili chao: "Mzee, usizike mota bado. Tuone kwanza umeme inafika wapi."

Hiyo sentensi ndiyo elimu yote. Nitawaeleza alichofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu hata wewe unaweza.

Kwanza, sikiliza. Washa swichi ya gari, washa waipa, mtu aweke sikio pale nyuma. Ukisikia mota inanguruma lakini mkono hausogei, umeme unafika. Angalia nati ya mkono imelegea, meno yake yamelika, ama gia imekwama kwa vumbi na kutu. Ukisikia kimya, endelea. Yetu ilikuwa kimya.

Pili, fyuzi. Ni kitu cha bei ya soda, kwa hivyo kiangaliwe kabla ya kitu cha maelfu. Ikiwa imeungua, weka ya namba ileile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara, utachoma gari kwa kuokoa shilingi ishirini. Ukiweka mpya nayo ikaungua tena, kuna waya umechubuka unagusa bodi. Yetu ilikuwa nzima.

Tatu, fungua plastiki ya ndani ya mlango wa nyuma, ufikie soketi ya mota. Hapa ndipo testa inaingia, ile taa ndogo yenye ncha na waya wa kubana. Bana waya wake mahali safi pa chuma, gusa soketi kwa ncha, mtu awashe waipa. Taa ikiwaka, umeme umefika mpaka pale, na swali linabaki kwa mota ama kwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Athi unaijaribu kirahisi: chukua kipande cha waya, unganisha upande wa athi wa mota na chuma safi cha bodi. Mota ikiamka, hukuhitaji mota, ulihitaji kusugua kutu.

Kwetu testa haikuwaka. Umeme haukuwa unafika. Na mota haiwezi kulaumiwa kwa chakula ambacho haijaletewa.

Nne, na hapa ndipo mjomba aliacha kuangalia simu: ule mpira wenye mikunjo kama shingo ya soksi, pale juu kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Ndani yake zinapita nyaya zote za mlango: waipa, taa ya namba, zile nyaya za kuondoa ukungu kwa kioo. Kila ukifungua buti zinakunjwa, kila ukifunga zinakunjwa tena. Mara thelathini kwa siku, miaka na miaka, kwa jua la Turkana linalokausha plastiki mpaka inakuwa kama biskuti. Fundi akauliza, "Taa ya namba inawaka?" Mjomba akasema ilizima kitambo, alidhani ni balbu. Fundi akatabasamu. Vitu viwili vya mlango mmoja vikigoma karibu pamoja, usitafute magonjwa mawili. Tafuta mahali nyaya zao zinapopita pamoja.

Akavuta mpira nje, akashika waya mmoja mmoja akiuvuta polepole. Waya mzima haunyooki. Ule ambao shaba yake imekatika ndani unanyooka kama mpira wa manati, kwa sababu kilichobaki ni ganda tu. Alipata miwili imekatika na wa tatu uko njiani. Ndiyo maana waipa ilikuwa inagoma siku moja na kufanya kazi kesho yake: ncha za shaba zilikuwa zinagusana na kuachana.

Hakuzisokota na kupiga tepu palepale. Alikata sehemu yote iliyochoka, akaweka vipande vipya vya waya laini, virefu kidogo, na viungo akaviweka mbali na mahali pa kukunja, akavishika kwa risasi. Ukiunga pale pale panapokunjwa, utarudi baada ya wiki mbili. Kabla ya kufunga, akazibua kile kitundu cha kurushia maji kwa sindano, kwa sababu waipa ikisugua vumbi kavu inakwaruza kioo. Huku maji yenyewe ya visima yana chumvi, yanaziba hivyo vitundu haraka.

Akawasha. Waipa ikapanda, ikashuka. Mjomba akacheka kama mtoto.

Halafu ikaja bei. Saa mbili kwa jua, elfu moja. Kicheko kikaisha.

"Elfu moja kwa kipande cha waya?"

Fundi akafuta mikono, hakukasirika. Akasema, "Mzee, ningekuambia mota imekufa ungenilipa bila kelele."

Mjomba akampa mia tano, tukaondoka. Njia nzima sikuongea, na hiyo mia tano nyingine bado inaniwasha.

Kwa sababu fikirini. Mtu huyohuyo asubuhi alikuwa tayari kutuma 6,500 kwa kitu ambacho hakuna aliyekipima, na mchana anapigania mia tano na mtu aliyemwokolea elfu tano na zaidi. Kwani tofauti ni nini? Mota unaishika. Ina uzito, ina boksi. Akili haina boksi. Sisi wateja tumewafundisha mafundi kwamba kutafuta ugonjwa ni bure na pesa iko kwa spea. Kwa hivyo wanafanya hesabu kama mtu yeyote mwenye watoto: kwa nini nikae saa mbili natafuta waya nilipwe matusi, na naweza kusema "mota" kwa sekunde tano nilipwe? Halafu tunaita mafundi wezi. Wengine ni wezi kweli. Lakini soko la wizi tumelijenga sisi.

Hii tabia si ya Turkana peke yake. Mwaka 1903 mwanamke wa Alabama, Marekani, anaitwa Mary Anderson, alisajili uvumbuzi wake wa waipa, iliyozungushwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Alipojaribu kuiuza, kampuni ya Kanada ilimjibu kwamba haina thamani ya biashara. Leo karibu kila gari linatoka kiwandani na waipa, na yeye hakutajirika nayo. Akili yake walitumia, kulipa hawakulipa.

Kuna mtu atasema: tukianza kulipia kupima, kila mtu atapima gari langu hadi pesa iishe. Sawa, hoja nzuri. Basi kubalianeni kabla. Uliza, "Kupima ni ngapi, hata kama hutapata kitu?" Halafu simama hapo. Kupima kunaonekana: testa inawaka ama haiwaki, waya unanyooka ama haunyooki. Fundi anayepima hakatai ukitazama. Anayesema "mota" akiwa amesimama na mikono mfukoni, huyo mwambie asante, utarudi. Na mota ikitajwa, omba kitu kimoja tu kabla ya kutuma pesa: itolewe, iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi. Ikizunguka, haijafa.

Na ukishaonyeshwa waya uliokatika, lipa. Usiangalie urefu wa waya. Angalia kile ungekuwa umelipa kama usingeonyeshwa, na angalia kile kilichokuwa nyuma ya gari wakati kioo kilikuwa ukuta. Pale Village 2, ilikuwa hatua mbili.