Burashi ya Babu

Mwanafunzi akifika Kidato cha Nne hujiwa na mambo mawili kwa pamoja: mtihani na ndevu. Habari za mtihani nawaachia walimu. Mimi nataka kueleza habari za burashi ya kunyolea ndevu, na jinsi nilivyomtia babu yangu katika najisi bila ya kujua.

Mwaka jana mwezi wa Desemba, nilipokuwa nikienda likizo kwetu Pangani, niliteremka Tanga mjini kumnunulia Babu zawadi. Nilikuwa na shilingi elfu kumi na mbili nilizodunduliza tangu Julai. Babu ni mtu wa kunyoa kila Ijumaa, kichwa chote na mashavu. Ndevu za kidevu huziacha. Burashi yake ya zamani ilikuwa na upara kuliko yeye mwenyewe. Basi nikaingia duka moja, nikaonyeshwa burashi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nailoni, laini, nyepesi, bei yake ndogo. Ya pili ilikuwa na mpini wa mti na nywele nene zenye rangi ya maziwa, na chini ya mpini pameandikwa "Pure Bristle". Mwenye duka akasema, "Hii ndiyo ya watu wazima." Nami kwa kuwa nilijiona mtu mzima, nikaichukua hiyo, nikabakiwa na nauli tu.

Sitaki kusema uongo, ilikuwa burashi nzuri. Mwanzoni ilikuwa ngumu kama ufagio, na Babu alikuwa akiiloweka dakika chache katika maji ya moto kabla ya kuitumia. Lakini kila Ijumaa ilizidi kulainika, kwa sababu nywele za namna ile hupasuka nchani kwa kutumika. Watu hudhani kazi ya burashi ni kupaka sabuni. Kupaka hata kidole chaweza. Burashi huchukua maji na kuyachanganya na sabuni mpaka povu liwe zito, tena huinua nywele za ndevu zilizolala, maji yapate kuziingia. Unywele ukiloa sawasawa huwa laini, na wembe hupita bila ya kukwaruza ngozi. Babu alizunguka mtaa mzima akijipapasa shavu na kuwaambia wenziwe, "Mjukuu wangu huyo, anasoma!"

Januari nikarudi shuleni. Jioni moja tulikuwa bwenini tukibishana juu ya burashi, nami nikaisifu ile ya Babu. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Ni nywele za mnyama gani?" Nikamjibu upesi, "Mbuzi." Wote wakacheka. Kesho yake nikaenda maktaba nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Bristle, ilisema, ni unywele mfupi mgumu, hasa wa nguruwe. Nilisoma mara tatu, nikafunga kitabu, nikaketi.

Sisi wa madhehebu ya Shafi, kama Waislamu wengi wa pwani, nguruwe kwetu ni najisi pamoja na nywele zake.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Kemia, wala hakunicheka. Aliniambia kwamba burashi za manyoya halisi mara nyingi huwa za nguruwe, au za farasi, au za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Za melesi hushika maji mengi, na bei yake ni kali. Za farasi hukatwa mkiani na shingoni, naye akabaki hai. Lakini wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ziliuzwa nyingine zisizosafishwa vizuri zenye vijidudu vya kimeta, zikawaua watu, askari miongoni mwao, Uingereza na Marekani. Nailoni haina mnyama ndani yake, tena hukauka upesi. Akanionyesha na njia ya kupima: choma unywele mmoja. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Unywele wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua, ukawa jivu. Ila moto haukuambii ni mnyama gani. Hapo huna budi kusoma maandishi, na yasipokuwapo, kumwuliza muuzaji. Naye akiwa hajui, mwachie burashi yake.

Rafiki yangu mmoja alinishauri ninyamaze. "Babu yako hatajua," alisema. Shauri hilo lilinikaa kichwani majuma mengi, na sitaki kujisifu, nilikaribia kulifuata. Lakini kila Ijumaa saa tano nikiwa darasani nilimwona kwa macho ya moyo akikoroga povu, kisha akivaa kanzu kwenda msikitini.

Likizo ya Aprili nilimkuta barazani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nimekukosea."

"Umeiba?"

"La. Afadhali ningeiba."

Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, tasbihi imesimama mkononi. Nilingoja anikemee. Akasema, "Hukujua, nami sikujua. Sasa najua. Kateke maji." Tukaenda uani, akajiosha kichwa, uso na mikono mara saba, mara moja kwa udongo, mimi nikimmiminia. Bakuli la povu nalo likaoshwa hivyo hivyo. Burashi akaizika mwenyewe nyuma ya mchungwa.

Nikampa burashi ya nailoni niliyoipitia Tanga. Akaijaribu Ijumaa ile, akainung'unikia, "Haina nguvu kama ile nyingine." Nami naona alisema kweli, ingawa povu lake lilikuwa jingi.

Tulipokuwa tukila chakula cha mchana, mara akaacha tonge sahanini. "Na ile niliyopakia rangi mlango wa msikiti?"

Sikuwa nimewaza habari za burashi za rangi, nazo nyingi pia ni za nywele za nguruwe. Tukaacha wali, tukaingia stoo. Nikang'oa unywele mmoja karibu na mpini, mahali pasipo rangi, Babu akawasha kibiriti. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Unywele ukajikunja, ukayeyuka, ukawa kidonge.

"Alhamdulillahi," akasema Babu, akaniagiza ning'oe mwingine, tuhakikishe.