Barua ya Kupinga Ghorofa

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu waliikariri wakapata alama zao. Mimi mwenyewe sikuwahi kutahiniwa juu yake mpaka nilipovuka miaka sabini, siku lilipopigiliwa bango kwenye ukuta wa jirani yangu hapa Kijitonyama, Dar es Salaam.

Bango lilisema kwamba mwenye kiwanja anakusudia kubadili matumizi yake, kutoka makazi ya familia moja kuwa jengo la ghorofa nane lenye fleti 32, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi. Nilivaa miwani nikalisoma mara mbili. Jioni ile tulikutana wazee wanne barazani kwangu, na kabla kahawa haijapoa nilikuwa nimekwisha kuteuliwa kuwa mwandishi wa barua ya kupinga. Mwalimu mstaafu hana pa kujificha panapotakiwa barua.

Naomba msomaji asidhani kuwa hofu zetu zilikuwa za bure. Mtaa wetu ni tunda la mradi wa viwanja na huduma ulioanza katika miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Vilikuwa viwanja vya nyumba za chini, kila familia na uwanja wake. Aidha, sehemu kubwa ya jiji hili haijafikiwa na mabomba ya majitaka. Kila nyumba ina tangi lake chini ya ardhi. Uchafu mzito hutuama humo, na maji yanayobaki hupita kwenda kwenye shimo la kufyonza, yakamezwa na udongo. Lakini udongo nao humeza kwa kiasi chake. Wakati wa masika, ardhi ikisha kushiba maji ya mvua, hata shimo la nyumba yangu ya watu watano hukataa.

Basi nikafanya hesabu ya darasa la sita. Fleti 32, kwa watu wanne kila moja, ni watu 128. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 12,800, na karibu zote lazima zitoke zikiwa chafu. Gari la kunyonya majitaka lenye tangi la lita 10,000 lingejaa kila siku na kubakisha. Tena mchoro ulionyesha maegesho ya magari 14 tu, na mtaa wetu ni wa magari mawili kupishana kwa kuombana radhi. Na nani amesahau tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36? Au Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, walipokufa watu zaidi ya 20? Mtu anayeuliza habari za msingi wa jengo litakalosimama mita chache kutoka chumba anacholala si adui wa maendeleo.

Hayo yote niliyaandika. Lakini sikuyaweka mwanzoni. Aya ya kwanza, ambayo wenzangu waliisifu mno, ilisema hivi: "Majengo ya aina hii huleta watu wasiojulikana watokako, wasio na heshima kwa wazee, ambao wataharibu maadili ya watoto wetu na hadhi ya mtaa."

Kwa kuwa kiwanja kile ni cha mjane wa mwalimu mwenzangu, niliona ni uungwana kumpelekea nakala kabla ya kuituma. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasoma barua yote polepole. Kisha akarudi kwenye aya ya kwanza, akaweka kidole.

"Shemeji," akaniuliza, "huyu asiyejulikana atokako ni mimi?"

Nikamwambia hapana, hao ni watakaokuja.

"Nitakayekuja ni mimi," akasema. Akanieleza kwamba hakuuza kiwanja akaenda zake. Amekubaliana na mwenye fedha za kujenga: yeye anatoa ardhi, na jengo likikamilika anapata fleti mbili, moja ya kukaa na moja ya kupangisha. Nyumba aliyoachiwa na marehemu ina vyumba saba, vitatu vinavuja, na watoto wako mbali. Goti lake halimruhusu tena kupanda kuziba paa, wala pensheni haimruhusu kumlipa fundi. "Mlikaa wanne barazani kwako," akamalizia. "Kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni hatua ishirini. Mlikuja kunizuia. Hamkuja kuniuliza."

Nilirudi nyumbani na barua yangu mkononi, na usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mzee mwingine.

Nilipokabidhiwa kiwanja changu mwaka 1979, nilikwenda na mpimaji kuonyeshwa bikoni. Chini ya mkorosho alikuwa amekaa mzee mmoja wa Kizaramo ambaye shamba lile lilikuwa lake. Siku hizo fidia ililipwa kwa miti na majengo. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na bei, na ilibidi kungoja Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ndipo ikatamkwa kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani. Mzee yule alikuwa amehesabiwa mikorosho na minazi yake, mti mmoja mmoja. Udongo ulioiotesha haukuhesabiwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama viatu, akauliza: "Mwanangu, mnakuja wengi. Maji mtakunywa ya wapi?"

Nilimjibu kwamba serikali imekwisha kupanga. Tulipokuwa tunaondoka nilimwambia mpimaji, kwa sauti ambayo nadhani mzee aliisikia, kwamba watu kama hawa ndio wanaoturudisha nyuma. Miaka ya themanini ilipofika, mabomba yakitoa upepo badala ya maji, mimi na mke wangu tulibeba ndoo alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mara nyingi nililikumbuka swali lile njiani, lakini sikumtafuta mwenye swali.

Sasa miaka ilikuwa imezunguka, na swali lake lilikuwa mkononi mwangu. Mbele yake mimi ndiye niliyekuwa mgeni asiyejulikana atokako. Hata hivyo, alinishinda kwa jambo moja. Yeye aliuliza habari za maji. Hakuuliza kabila langu wala tabia zangu.

Chuoni, nilipojifunza ualimu, mkufunzi wetu alitukataza kutoa alama kabla ya kuisoma insha mara mbili. Asubuhi nikachukua kalamu nyekundu, nikaikalia barua yangu kama insha ya mwanafunzi. Pembeni mwa aya ya kwanza nikaandika neno nililowaandikia wengi: "Ushahidi?" Nikautafuta, sikuupata. Miaka ya tisini, mshahara ulipokuwa hautoshi, mimi mwenyewe nilijenga vyumba vitatu vya uani nikapangisha. Walikaa humo muuguzi, kondakta wa basi na mshona nguo. Mtoto wangu hakuharibiwa na yeyote. Kondakta ndiye aliyembeba mke wangu kwenda hospitali usiku alipozidiwa, nami nikiwa safarini. Wapangaji wangu walikuwa watu. Wa jirani walikuwa tishio. Insha ya namna hiyo ningempa mwanafunzi sifuri.

Nikaifuta aya yote. Yaliyobaki nikayageuza kuwa maswali manne: Majitaka yataenda wapi, hasa wakati wa masika? Nani amepima udongo na nani atakagua ujenzi kila ghorofa? Magari yatakayozidi yatasimama wapi? Je, tathmini ya athari kwa mazingira, inayotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imefanyika, na mbona hatukuulizwa maoni? Kisha nikavuka zile hatua ishirini, nikamwomba shemeji radhi, nikamwomba pia asome maswali yale. Alisema la kwanza ni lake vilevile, maana yeye ndiye atakayekaa juu ya tangi hilo.

Katika mkutano wa serikali ya mtaa tuliyasoma pamoja. Mhandisi alijibu vizuri habari za msingi. Habari za majitaka alisema atarudi na majibu, na hadi ninapoandika kurasa hizi hajarudi, wala kibali hakijatoka. Mmoja wa wale wazee wenzangu hajanisemesha tangu siku ile. Anasema nimeuza mtaa. Nimemwamkia mara tatu, nami nitaendelea kumwamkia.

Wala sijawa mpenzi wa maghorofa. Nikijibiwa vibaya juu ya majitaka, nitapinga mpaka mwisho, na shemeji anajua. Mwenyeji ana haki ya kuuliza mzigo utabebwaje na nani ataubeba. Lakini mtu aulize juu ya mzigo, asimhukumu mchukuzi kabla hajafika.

Juzi shemeji aliniuliza kama nitapanda hadi ghorofa ya tano kunywa kahawa kwake, jengo likisimama. Nikamkumbusha kwamba magoti yetu yana umri mmoja. Tukacheka. Kisha nikachukua kalamu nikaongeza swali la tano: Umeme ukikatika, lifti itaendeshwa na nini?